Mashine ya Kusugulia Mpingo: Tuiunde Mtwara au Tuingoje?

Hoja iliyo mezani ni hii: mafundi wa Mtwara waunde wenyewe, kwa mota za mtumba na vyuma chakavu, mashine ndogo ya kuzungushia vitu vya mpingo vinapopigwa msasa. Wazo lenyewe limetoka mbali. Wacheza bolingi wa Marekani wanacho kifaa cha namna hiyo, na wengi wao hujiundia nyumbani. Tufe la bolingi lina kipenyo cha karibu sentimita 21.6 na uzito unaoweza kufika kilo 7.26, na uso wake ndio unaoamua litakavyokwenda. Njia ya mchezo hupakwa mafuta; tufe lenye mikwaruzo hushika mapema na kupinda, lililong'arishwa huteleza mbele zaidi kabla ya kushika. Ndiyo maana mchezaji hulipiga msasa tufe lake kwa daraja, namba 500, kisha 1000, 2000, hata 4000. Kulisugua lote kwa mkono kunachosha, na mara nyingi upande mmoja huliwa kuliko mwingine. Basi watu wakachukua mota kuukuu, wakaifunga kwenye fremu, wakasimamisha shafti na kuweka kikombe juu yake. Tufe linakaa kikombeni na kuzunguka, kazi ya mkono ikabaki kushika msasa.

Mtwara si mji wa bolingi, lakini ni mji wa mpingo. Mti huu ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama, na mchongaji akishamaliza kazi ya tezo na patasi bado anadaiwa kazi ya tupa, ya msasa wa chembe kubwa, ya msasa wa chembe ndogo, na mwisho nta. Ni katika hatua hizo za mwisho ambapo kipande cheusi chenye vumbi kinageuka kuwa bidhaa, na hapo ndipo saa nyingi zinakoishia. Msimamo wangu ni kwamba mashine hii iundwe, iundwe hapa hapa, na ipewe mipaka. Sauti nitakazoziita kuupinga au kuupindisha msimamo huo si za watu mahsusi. Ni hoja ambazo kila atakayepeleka wazo hili kwa wachongaji hana budi kuzijibu, na kila moja nimeipa nafasi ya kujieleza kikamilifu kabla ya kuijibu.

MCHONGAJI MZEE: Mwanangu, mashine haijui mti. Mpingo una nyufa zilizojificha, una mahali ambapo weupe wa nje umeingia ndani ya weusi. Mkono ukifika hapo unashtuka, unapunguza nguvu, unageuza upande. Mota haishtuki. Tena mpingo ukipata joto la ghafla unapasuka, na kazi ya mwezi mzima inakuwa kuni. Zaidi ya hayo, mwacha asili ni mtumwa. Mgeni ananunua kinyago cha Mmakonde kwa sababu kimetoka mkononi mwa Mmakonde. Siku akijua kimetoka mashineni, atakwenda kununua cha kiwandani kwa bei ya chini, na sisi tutabaki na mota yetu.

MWANDISHI: Mzee wetu amesema mambo matatu, na hayana uzito sawa. Nianze na asili. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walikuwa wakichonga mapiko kwa mbao nyepesi, kwa kuwa kinyago kinachovaliwa kichwani na mcheza ngoma hakiwezi kuwa kizito. Vinyago vya mpingo vinavyouzwa leo Mwenge, Dar es Salaam, na ambavyo dunia imevizoea kuviita sanaa ya Kimakonde, vilishamiri katika karne ya 20, Wamakonde walipovuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kukutana na wanunuzi wapya. Mtindo wa shetani unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waliouhimiza na kuutafutia soko. Mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandiana kuzunguka nguzo moja, nao ukaja ukapata umaarufu baada ya uhuru. Kama asili ingekuwa na maana ya kutobadili mti, zana wala soko, mitindo hiyo isingezaliwa. Wachongaji waliodumu ni wale waliobadili kila kitu isipokuwa jicho na mkono unaotoa umbo.

Wala kuzungusha si jambo geni katika pwani hii. Mafundi wa majahazi walitoboa mbao kwa keke karne nyingi kabla ya umeme, na keke ni mashine kamili: kuna kekee, yaani chuma kinachotoboa, kuna msukano, mti uliobeba chuma hicho, kuna jivu, mahali pa kushikia, na kuna uta unaovutwa mbele na nyuma ili kuuzungusha msukano. Maseremala wa Lamu na Unguja walikereza miguu ya vitanda, ile yenye mafundo na mashingo yanayofuatana, kwa mti unaozunguka na patasi iliyotulia. Hata leo mnoa visu wa mtaani amefunga jiwe lake la kunolea kwenye baiskeli, anakanyaga pedali huku amesimama papo hapo, cheche zinaruka. Huyo ameunda mashine ya kuzungusha kwa vyuma vilivyokuwapo, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kufanya hivyo ameacha asili.

Hoja ya pili, kwamba mashine haijui mti, ni kweli tupu, na ndiyo inayotupa mpaka wa kwanza. Mashine hii haichongi. Kinyago cha ujamaa chenye mikono, nyuso na matundu mia hakiwezi kuwekwa kikombeni kikazungushwa. Msasa ungekata pua za watu wote. Kinachoingia humo ni kitu cha duara peke yake: bakuli, kikombe, kifuniko cha kibweta, kichwa cha bakora, kifundo cha droo, shanga kubwa, tufe. Wamakonde hawakosi vitu vya duara katika historia yao. Ndonya, kile kipande cha mti ambacho wanawake walikivaa katika mdomo wa juu, ni duara lililosuguliwa likawa laini kwa sababu lilikaa penye nyama ya mwili. Vitu vya aina hiyo ndivyo ambavyo mkono hupata taabu kuvisawazisha, na ndivyo ambavyo mzunguko huvisawazisha wenyewe. Hoja ya tatu, ya joto, ni nzito kuliko zote. Lakini joto halitokani na mota kuwapo. Linatokana na mwendo uliozidi na mkono uliokandamiza, na hapo inabidi tumsikilize fundi, kisha tumzuie.

FUNDI MOTA: Babu, usiniogope. Mimi mota ninayo dakika hii, imetoka kwenye pampu ya maji iliyokufa. Naisimamisha, nachomelea kikombe moja kwa moja kwenye shafti yake, nawasha, kazi imekwisha. Puli za nini? Mkanda wa nini? Mwendo ndio faida ya mashine. Kama tunataka taratibu, si bora turudi kwenye mkono? Na wale wacheza bolingi mbona tufe lao linakaa tu kikombeni bila kufungwa na haliruki?

MWANDISHI: Kijana ana ujuzi ambao mjadala huu unauhitaji kuliko wote, ila hesabu inampinga. Mota nyingi za pampu huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika kwa umeme wetu wa hezi 50. Chukua tufe la mpingo lenye kipenyo cha sentimita 10. Kwa mwendo huo, kiuno cha tufe kinapita chini ya msasa kwa karibu mita 15 kila sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani, na msasa ukikandamizwa kwenye mti mgumu kwa mwendo huo unaunguza kabla haujasugua. Sasa chukua mota ya mizunguko 1,420, ambayo idadi yake imeandikwa kwenye kibati kilicho ubavuni, ukaifunga puli ya inchi 2, na kwenye shafti ya kikombe ukafunga puli ya inchi 6. Mzunguko unashuka mara tatu na kuwa karibu 470, na kiuno cha tufe lile lile kinakwenda mita mbili na nusu kwa sekunde. Mti unapata joto la kuhisika mkononi, hauungui. Puli na mkanda anavyovidharau fundi ndivyo vinavyomlinda mzee na zile kuni alizozitaja. Mkanda una faida nyingine: msasa au kitambaa kikinasa, mkanda unateleza kwenye puli, wakati kikombe kilichochomelewa kwenye mota kinaendelea kuvuta chochote kilichonasa, pamoja na kidole.

Fundi awe mwangalifu pia na mota za mashine za kufulia. Baadhi yake ni za brashi, na hizo zikiwashwa bila mzigo huongeza kasi mpaka maelfu mengi ya mizunguko. Zinahitaji kifaa cha kuzidhibiti, na asiye nacho asiziguse. Mota isiyo na brashi, ya nusu hosi pawa au chini ya hapo, inatosha kabisa. Fremu ni ya vyuma vya pembe vilivyochomelewa vizuri na kufungwa kwenye meza nzito, shafti imeshikwa na beringi mbili, moja juu na moja chini, mkanda wote umefunikwa, swichi iko mahali inapofikiwa kwa goti au mguu, na waya wa ethi umefungwa kwenye fremu bila udhuru. Haya hayana uzuri wa kusimulia, lakini mashine ya nyumbani ikiua mtu mmoja, mjadala wote umekwisha na waliopinga wameshinda.

Swali lake la mwisho ndilo zuri zaidi, kwa sababu linaonyesha kwa nini mashine ya wenzetu haiwezi kunakiliwa kama ilivyo. Tufe la bolingi linatulia kikombeni kwa uzito wake. Tufe letu la mpingo la sentimita 10, pamoja na sifa zote za uzito wa mti huu, halifiki hata gramu 700. Ni chini ya sehemu ya kumi ya lile la bolingi. Likiguswa na msasa litaruka. Kwa hiyo ya kwetu inahitaji kikombe kilichovikwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kishike, na juu yake mkono wa chuma wenye ncha butu inayozunguka kwenye beringi, ikilikandamiza tufe kutoka juu. Ncha hiyo haitunyimi kitu. Tufe linapozunguka, kiunoni linakwenda kasi kuliko popote, na kileleni karibu halisogei, hivyo msasa ukiwekwa kileleni haufanyi kazi yoyote ya maana. Wacheza bolingi wanalijua hilo, na ndiyo maana hulisimamisha tufe na kuligeuza upande baada ya upande, mara nne au sita, kwa kila namba ya msasa. Mchongaji atafanya vivyo hivyo, na kila anapogeuza atakagua ufa, atakagua weupe, ataamua kama aendelee au aache. Jicho la mzee, ambalo tuliambiwa mashine italifuta, limewekewa kituo chake katikati ya kazi.

MFANYABIASHARA: Ninyi mnajitesa. Kariakoo kuna kila aina ya mashine. Tuchange, tuagize mashine ya kukerezea iliyokamilika, yenye warantii, tuachane na mota za pampu zilizokufa. Mtwara tumechoka kuambiwa tujiundie. Tuna gesi, tunastahili vitu vya kisasa. Na hata hiyo ya kujiundia itasaidia nini umeme ukikatika?

MWANDISHI: Uchovu huo una sababu, na sitaupuuza. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Ikakaa ardhini robo karne kabla ya kuanza kuendesha mitambo ya umeme ya Mtwara mwaka 2007. Na bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa Oktoba 2015. Katikati hapo, mwaka 2013, watu wa Mtwara waliandamana, na zikatokea ghasia zilizoua. Swali walilouliza lilikuwa la haki: kinachotoka kwetu kinatuachia nini? Lakini swali hilo halijibiwi kwa kununua mashine. Linajibiwa na ujuzi unaobaki mashine ikishaharibika, na kusini tunayo historia ndefu ya mitambo mizuri iliyosimama.

Tazama korosho. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikopa na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua, kwa mitambo ya Italia na Japani, na sehemu kubwa ya viwanda hivyo ikawekwa mikoa ya kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000, kwa sababu ya watu kuhamishwa kwenda vijijini mbali na mikorosho yao, bei mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga. Mitambo ilikuwa imeundwa kwa mzigo ambao haukuja, na haikuwa na namna ya kupunguzwa ilingane na mzigo uliopo. Viwanda vikasimama, vingine vikawa maghala. Huku nyuma, vikundi vya akina mama wamekuwa wakibangua kwa vimashine vidogo vya mkono na mguu, ambavyo fundi wa jirani anaweza kuvitengeneza na kuvirekebisha. Sidai kwamba vimashine hivyo vimemaliza tatizo la korosho. Sehemu kubwa bado husafirishwa ikiwa na maganda. Ninachodai ni kidogo zaidi: chombo ambacho mtumiaji wake anaweza kukifungua kinadumu katika mazingira ambayo chombo kikubwa kinakufa.

Mashine ya kukerezea ya dukani ni nzuri, na kikundi chenye fedha kikiinunua sitakilaumu. Ila imetengenezwa kwa ajili ya kukata umbo kutoka kwenye gogo kwa patasi za chuma bora, na bei yake ni ya karakana inayouza kila wiki. Mchongaji wa kando ya barabara ya Mikindani anahitaji kitu cha kumalizia bakuli ambalo tayari amelichonga. Kuhusu umeme kukatika, hapo ya kujiundia inashinda waziwazi. Mizunguko 470 kwa dakika si mingi kwa baiskeli: mnyororo na gurudumu la nyuma vikifungwa kwenye shafti ile ile, mtu mmoja anakanyaga na mwingine anasugua, kama mnoa visu anavyofanya. Mashine ya dukani haikubali pedali. Hii inakubali, kwa sababu aliyeiunda anajua kila bolti iliko.

KIJANA WA MSASA: Mimi naomba niseme la tumbo. Mchongaji akimaliza, ananiita mimi nisugue, ananilipa kwa kipande. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo niliyojifunzia kushika patasi. Mkileta mashine inayofanya kwa saa moja ninachofanya kwa siku nzima, mimi mnanipeleka wapi? Niende kukaa kijiweni?

MWANDISHI: Hili ni pingamizi ambalo watetezi wa mashine huwa wanalipita haraka, nalo ndilo linalogusa watu wengi. Jibu la kwamba mashine huleta ajira mpya halitoshi kwa mtu anayelipwa kwa kipande leo. Lakini tuangalie anachopoteza na anachopata. Vinyago vya watu, wanyama na mashetani, ambavyo ndivyo vingi, vitaendelea kuhitaji msasa wa mkono, kwa kuwa haviingii kikombeni. Kinachohama ni vitu vya duara, na hivi ni vitu ambavyo wachongaji wengi hawavitengenezi kwa wingi kwa sababu umaliziaji wake unakula faida. Mashine ikipunguza gharama hiyo, bakuli na vifundo vinaweza kuingia sokoni, na mtu wa kwanza kukaa kwenye mashine ni yule yule ambaye vidole vyake vinajua tofauti ya namba 120 na 240 bila kutazama. Hapo lazima pawe na sharti: mashine iwe ya kikundi, na vijana wa msasa wawe wanachama. Ikiwa mali ya tajiri mmoja, hofu ya kijana huyu itakuwa imetimia, na sitakuwa na la kumjibu.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hakulisema, nalo linamhusu yeye kuliko wote. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kubana pumzi kwa baadhi ya watu, na vumbi la mbao kwa jumla limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mkono unatoa vumbi kidogo kidogo. Mashine inalitoa kwa mawingu. Kwa hiyo mashine isiyo na mpango wa vumbi ni mbaya kuliko mkono, na hapo namuunga mkono mzee moja kwa moja. Mpango wenyewe si wa gharama kubwa: kazi ifanyike nje penye upepo wa bahari, mgongo wa msuguaji ukielekea unakotoka upepo, msasa wa chembe ndogo utumike pamoja na mafuta ili vumbi ligeuke tope, na barakoa ya kuchuja vumbi ivaliwe, kwani leso iliyofungwa puani haitoshi. Glavu za kitambaa, mikono mirefu ya shati, kitenge kinachoning'inia na nywele zilizoachiwa visikaribie shafti inayozunguka. Wacheza bolingi husugua kwa maji; sisi tusifanye hivyo, maana maji na mota ya mtumba havikai meza moja.

MHIFADHI: Mnajadili msasa, na msitu je? Mpingo huchukua miaka sabini au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kila kinachorahisisha kazi ya mchongaji kinaongeza njaa ya shoka. Leo mashine moja, kesho ishirini, kesho kutwa hakuna mti kati ya Ruvuma na Kilwa.

MWANDISHI: Hofu hii ingekuwa sahihi kama kinachowazuia watu kukata mpingo kingekuwa uchovu wa kusugua. Haiko hivyo. Mpingo unaokatwa kwa ajili ya zumari za Ulaya, klarineti na oboe, huondoka ukiwa vipande vya miti, na sehemu kubwa ya thamani yake huongezwa huko unakofika. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya miti ambamo mpingo umo iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kusafirisha magogo kunahitaji vibali. Kilwa imeonyesha njia: mwaka 2009 misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC kwa usimamizi mzuri, na vijiji vikaanza kuuza mpingo wao kwa bei inayolingana na uhaba wake. Funzo la Kilwa ni kwamba msitu hulindwa pale mti mmoja unapomletea mwanakijiji fedha nyingi, na haulindwi kwa kumfanya mchongaji aendelee kuchoka.

Hapo ndipo vitu vya duara vinapopata maana ya pekee. Mpingo mara nyingi huota umepinda, na ndani yake huwa na mashimo na nyufa, hivyo kila gogo linaacha mabaki mengi yasiyofaa kinyago kikubwa wala bomba la klarineti. Kipande cha sentimita sita hakitoshi kuchonga familia ya ujamaa, lakini kinatosha kifundo cha droo, shanga au kichwa cha bakora. Mashine inayomaliza vitu vidogo vya duara kwa haraka ndiyo inayoyapa thamani mabaki ambayo leo huishia jikoni. Namkubalia mhifadhi sharti moja: kikundi kitakachokuwa na mashine kinunue mti wenye kibali, kianze na mabaki, na kiandike kilichonunua. Bila hilo, hoja yangu ya mabaki inageuka kisingizio.

Lipo pia suala la uaminifu kwa mnunuzi, ambalo mzee aliligusa mwanzoni. Sokoni kuna vinyago vya mbao nyeupe vilivyopakwa kiwi cheusi na kuuzwa kama mpingo. Vilitengenezwa kwa mkono kabisa, na bado ni udanganyifu. Mkono, kumbe, hauhakikishi ukweli wa bidhaa. Mpingo uliopigwa msasa vizuri hadi namba 600 hauhitaji rangi yoyote. Weusi wake unang'aa wenyewe na mishipa yake ya kahawia inaonekana kwenye mwanga wa jua, jambo ambalo mbao iliyopakwa haiwezi kuliiga. Wacheza bolingi nao wanatufundisha namna ya kuweka mpaka. Kanuni za mashindano yao Marekani zinakataza kuukwaruza uso wa tufe kwa msasa wakati mchezo unaendelea. Kazi hiyo hufanywa kabla, na mchezo wenyewe unabaki kuwa wa mkono. Wachongaji wa Mtwara wanaweza kujiwekea kanuni yao iliyo wazi kama hiyo: umbo litoke mkononi siku zote, mashine iruhusiwe kwenye kumalizia tu, na kila bakuli liuzwe pamoja na karatasi ndogo inayosema limechongwa kwa mkono na kusuguliwa kwa mashine. Mnunuzi anayetaka kilichosuguliwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho atakipata, na atalipa zaidi.

Basi hukumu yangu ni kwamba hoja ipite, ikiwa na masharti iliyoyapata katika mjadala huu. Mzee ametupa mpaka wa umbo na onyo la joto. Fundi ametupa mota, naye amepokea puli. Kijana ametupa sharti la umiliki, na mhifadhi sharti la mti. Mfanyabiashara bado hajaridhika, na haki yake ya kudai vitu vya kisasa ibaki pale pale, lakini aanze kuuza mabakuli. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Mtwara, na chuo cha VETA kipo chenye vijana wanaojifunza umeme na uchomeleaji. Wakutanishwe na kikundi kimoja cha wachongaji, waunde mashine moja, ifungwe mahali penye upepo, ijaribiwe kwa mabaki ya mpingo kwa msimu mmoja, na hesabu ya gharama, ajali na mauzo isomwe hadharani. Ikishindwa, hasara itakuwa ya mota kuukuu, puli mbili na mkanda. Ikifaulu, ya pili iundwe Newala, na waiunde wa Newala wenyewe.